Mpera na Mikono ya Mama Mdogo

"Hakuna dawa yake," daktari kijana katika zahanati moja ya Thika alimwambia mama mdogo, kisha akaendelea kuandika paracetamol kwenye karatasi. Alisema kwa sauti ya mtu anayekuambia duka limefungwa. Mama mdogo alikuwa ameweka mikono mapajani, viganja vikitazama juu, kwa sababu kuvigeuza kulimuuma. Mimi ndiye niliyeuliza, "Nani amesema?"

Daktari aliniangalia, kwanza usoni, kisha viatuni. "Hii ni chikungunya. Ni kirusi kinachobebwa na mbu. Tunatuliza homa na maumivu, mengine mwili unajimalizia wenyewe."

"Kwa hivyo dawa haipo, au haijapatikana?"

"Madam, kuna foleni."

Mama mdogo alinikanyaga mguu. Tulipotoka nje alinigombeza mpaka stendi. "Siku moja utafanya nidungwe sindano ya hasira," alisema. "Mtu amesoma miaka yote hiyo, wewe unamuuliza kama unauliza bei ya nyanya."

Sikuwa nimekusudia kumdharau daktari, na sijui kama alikuwa amekosea. Niliuliza kwa sababu siku hizo nilikuwa naosha vyombo vya glasi katika maabara ndogo upande huo huo wa Thika, na ndani ya maabara hiyo kulikuwa na watu waliolipwa kuitafuta hiyo dawa ambayo haikuwepo. Tena walikuwa wakiitafuta kwenye majani.

Niseme kwanza nilivyofika huko. Shule niliiacha kabla ya kumaliza kidato cha pili, na nimechoka kueleza sababu kwa watu ambao hawatanirudisha. Nimekata mananasi. Nimechuma kahawa Ruiru, nimepikia wachimba mawe chapati karibu na Juja, nimeuza mitumba Gatongora, nimetunza kuku wa mtu kule Kalimoni mpaka kuku wenyewe wakanichosha. Watu wa kwetu husema nilizaliwa njiani. Wanavyoona wao, situlii. Ninavyoona mimi, nikishajua kazi inavyofanyika, hamu inakwisha, na siwezi kukaa mahali ambapo sina la kuuliza. Maabara ilikuwa kazi ya kwanza ambapo kila nilipojibiwa swali moja, mengine yalizaliwa. Nikakaa.

Mama mdogo naye ni msusi. Alikuja kutoka magharibi, upande wa Kakamega, akimfuata mume aliyepata kazi ya kiwanda Thika. Mume alifariki, na yeye akabaki Gitothua pamoja nami, mtoto wa marehemu dada yake. Alinilea kwa kusuka. Katika saluni ya mtaani alikuwa na kiti chake karibu na mlango, na wanawake walikuwa tayari kumsubiri hata viti vingine vikiwa vitupu. Alisuka huku akiongea na kutazama barabara, asitazame kichwa kabisa, na mistari ikatoka kana kwamba imepigwa rula.

Kisha akaenda Mombasa na kwaya kwa mkutano wa kanisa. Kule aliumwa na mbu mchana kweupe, jambo alilolisimulia kwa hasira kana kwamba mbu walivunja mkataba. Alirudi na homa ya kumtetemesha meno. Homa ikaondoka yenyewe, lakini vidole vikabaki vimevimba, vigumu, kama vidole vya glavu iliyojazwa mchanga. Asubuhi hakuweza kufunga kifungo. Jioni nilimmegea ugali.

Mwenye saluni, mama wa Kikuyu mwenye sauti kubwa na moyo mzuri, alikuja kumwona na mkate na sukari. Alikaa, akanywa chai, akasikitika, ndipo akasema lililomleta.

"Mama, kiti chako nitakiweka. Hakuna mtu atakikalia nikiona. Lakini siku ukirudi, nionyeshe kichwa kimoja kizima, kutoka kwa paji mpaka kisogoni. Si nusu. Mteja akiachwa nusu, ataenda kunitangaza mpaka Thika."

"Kichwa kimoja tu?" mama mdogo alimuuliza.

"Kimoja tu. Kizima."

Alipoondoka, mama mdogo alijaribu kushika uzi wa sweta yangu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ulimponyoka. Alijaribu tena, ukamponyoka tena, akaniambia niwashe redio.

Kazini kulikuwa na mtafiti mmoja, msichana wa Ruiru wa umri wangu au chini kidogo, aliyekuwa bado akisomea shahada yake ya juu. Nilimwita Daktari. Alinikataza, baadaye akachoka kunikataza. Yeye ndiye aliyeniruhusu kumuuliza. Alinionyesha majani yanavyokaushwa kivulini, maana jua kali linaharibu baadhi ya vitu vilivyomo. Husagwa, hulowekwa kwenye pombe kali isiyonyweka, huchujwa, pombe ikavukizwa, na mwishowe kinabaki kitu kizito cheusi kama lami, chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Hicho hupimwa kidogo kidogo na kutiwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vingi, kama ubao wa ajua, ule mchezo wa bao. Ndani ya kila kishimo kuna seli hai zinazolishwa na maji mekundu, rangi ya juisi iliyozidi maji.

Kulikuwa na chumba cha ndani ambacho mlango wake sikuruhusiwa kuuvuka, na sikuuvuka. Humo ndimo walimoziambukiza seli zile kirusi, wakaangalia kama lami ya majani itazilinda. Kirusi kikishinda, seli zinang'oka na kuacha matundu, kama shamba lililoingiwa na mchwa. Daktari alinionyesha picha.

"Lakini mti hauugui chikungunya," nilimwambia siku moja. "Kwa nini uwe na dawa yake?"

Aliacha kuandika. "Hauna habari na sisi. Unajitengenezea silaha dhidi ya wadudu na ukungu na chochote kinachoula. Sisi tunaiba silaha yake tuone kama inafaa kwenye vita vyetu. Mara nyingi haifai."

"Na ikifaa kwenye sahani?"

"Basi tumeanza. Kutoka kwenye sahani mpaka kwenye mtu ni mbali, mbali kabisa. Tumboni inaweza kuvunjwavunjwa. Inaweza isifike damuni. Inaweza kuumiza ini. Nyingi tunazipoteza huko njiani."

Msimamizi wa stoo alitusikia. Alikuwa mtu wa kupenda kila chupa ikae mahali pake na kila mtu pia. "Wewe," aliniambia Daktari alipoondoka, "unaosha glasi ama unafanya mtihani? Kwani unataka kuwa nani?"

"Mtu anayejua anachoosha," nilimjibu.

"Majani tu hayo. Ushamba ukiwekewa koti jeupe bado ni ushamba."

Nilikuwa nimeshamuuliza Daktari kuhusu hilo, kwa hivyo jibu nilikuwa nalo. "Dawa ya malaria uliyomeza mara ya mwisho ilitoka kwenye majani. Na ile ya zamani, chungu, ilitoka kwenye ganda la mti. Ukiugua tena, ukatae ushamba."

Aligeukia chupa zake, na sikuumia.

Mmojawapo wa mimea iliyokuwa ikijaribiwa ulikuwa mpera. Nilimwambia mama mdogo jioni, ugali ukiwa mkononi mwangu. Aliacha kutafuna.

"Mpera? Huu huu wa nyuma ya ploti?"

"Aina hiyo hiyo. Lakini ni kwenye sahani, mama. Bado hawajui kama..."

"Huu huu ambao watoto wanaupanda?"

Nilipotoka kazini kesho yake, mpera ulikuwa umevuliwa majani mpaka pale mkono wa mwanamke unapofika. Juu ulikuwa na nywele, chini upara. Kwa kuwa yeye hakuweza kuchuma, wanawake wa ushirika wa kanisa walimchumia, na sasa walikuwa wamejaa jikoni kwetu wakiangalia sufuria kubwa ya mazishi na harusi ikichemka. Kilichokuwa ndani kilikuwa cheusi kama oili ya lori. Mama mdogo alishika kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto, akanywa chote, akafunga macho.

"Imeingia," alisema.

"Amina," wakajibu wanawake.

Tangu siku hiyo aliacha paracetamol. Aliacha pia mazoezi aliyofundishwa zahanati: kuloweka mikono kwenye maji vuguvugu, kisha kukamua mpira wa soksi niliomshonea. Alisema dawa mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Alikunywa sufuria ikaisha, wakamchemshia nyingine. Kifua kilianza kumchoma, akasema ni dalili ugonjwa unatafuta mlango. Vidole havikubadilika. Ndipo alipoleta neno ambalo nilikuwa nimeliogopa.

"Hii ya nyumbani ni dhaifu. Niletee ile ya kazini."

"Ile si ya kunywa."

"Chupa moja ndogo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Mama, ile imetolewa na pombe ya kuua mtu. Hata paka hawajampa."

"Kwa hivyo unaosha chupa za dawa mchana, jioni unakuja kuniangalia nikiwa hivi." Aliinua mikono. "Nilikusuka ukiwa huna hata jino."

Alipajua mahali pa kugusa. Lakini nilikataa, na nikakataa tena asubuhi alipokuwa hanisemeshi, na jioni aliponisemesha kupitia jirani. Nilijua chupa ilipokaa. Nilipita mbele ya friji ile kila siku. Kama ningedhani ndani yake mlikuwa na mikono yake, ningeivunja kwa jiwe. Lakini mlikuwa na swali ambalo halijajibiwa, na sikuwa tayari kumnywesha mama mdogo swali.

Nilimpa mapatano. Ningepeleka dawa yake mwenyewe kazini, nimwombe Daktari aiangalie. Yeye naye angerudia maji vuguvugu, mpira wa soksi na paracetamol, matokeo yawe mazuri au mabaya.

"Wataiangalia kwa ukweli? Hawatanicheka?"

"Wakikucheka nitaacha kazi. Unajua nina mazoea."

Hapo alicheka, mara ya kwanza tangu Mombasa. Akanijazia thermos.

"Haiya, umeniletea chai?" Daktari aliuliza nilipoiweka mezani kwake.

Nilimweleza yote. Alicheka kidogo, kisha akaona sicheki. Alifungua kifuniko, akanusa, akanifanyia vile wanavyofanya watu wazuri wakibanwa: alianza kwa kusema haiwezekani huku akivaa glavu. Aliniambia haitaingia kwenye kazi rasmi. Kulikuwa na seli zilizobaki, zingeenda kutupwa, na angezijaribu bila kirusi, kwanza kuona kama dawa yenyewe inaziumiza.

Nilisimama nyuma ya kioo. Alichuja, akaweka tone kwenye kishimo cha kwanza, na maji mekundu yakageuka rangi palepale, yakawa zambarau ya kung'aa. Alitazama, akaweka tone kwenye kishimo cha pili. Zambarau.

"Mama yako anaosha sufuria na nini?" aliuliza alipotoka.

"Majivu na steel wool. Kwa nini?"

"Hii ni kali kama sabuni. Ile rangi inageuka hivyo kitu kikiwa na ukali kama wa magadi. Kuna kitu humu kisicho mpera."

Kesho yake alinipisha kwenye hadubini. Seli ambazo siku nyingine nilikuwa nimeziona zimetandaza miguu, zimeshikana, zilikuwa zimejikunja na kuelea kama mchele mbovu kwenye maji. Hakuna hata moja iliyobaki. Nilirudi Gitothua nikiwa na maneno yangu yamepangwa, na yote yakaanguka nilipofika mlangoni, kwa sababu alikuwa ameketi na mpira wa soksi mkononi, akiukamua na kuuma mdomo. Alikuwa ametimiza sehemu yake bila kungoja.

"Mama, uliweka nini kwenye sufuria?"

"Majani na maji."

"Na?"

"Na moto. Unataka nini?"

"Na?"

Alinitazama kama mjinga. "Na mushereka, kidogo. Sasa ningepikaje bila mushereka?"

Kwa mtu asiyejua: mushereka ni maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda makavu ya maharagwe. Sisi wa magharibi hatupiki kunde wala mrenda bila hayo. Yanalainisha jani gumu na kuua uchungu. Mama mdogo alikuwa na chupa yake chini ya meza, iliyokuja kwa basi kutoka nyumbani, na hata miaka yote ya Gitothua haikumfundisha kupika mboga kama jirani zake. Jani la mpera lina ukakasi wa kukausha ulimi. Alikuwa amefanya linalofanywa kwa jani lenye ukakasi. Na kwa kuwa sufuria ilikuwa kubwa, na ukakasi mwingi, ule "kidogo" wake ulikuwa umekua.

Nilimweleza kuhusu rangi, na seli zilizokufa. Nilimwambia ndiyo maana kifua kinamchoma. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekula mushereka tangu niote meno," alisema. "Nyanya yangu alikula mpaka akawa mzee wa kubebwa. Nani kati yetu alikufa?"

"Kwenye mboga ni kidogo, mama. Na seli zote zilikufa."

"Kwenye sahani."

"Ndiyo, kwenye sahani."

"Na wewe uliniambia nini kuhusu mpera? Ulisema hata ukishinda kirusi, ni kwenye sahani tu, sahani si mtu. Si ulisema?"

"Nilisema."

"Basi chagua. Kama sahani si mtu ikipona, haiwezi kuwa mtu ikifa." Akaurudia mpira wake wa soksi. "Mayi! Watu wa koti jeupe. Mnataka sahani iwe shahidi siku mnayotaka nyinyi."

Sikulala vizuri kwa raha ya kushindwa namna hiyo. Nilimpelekea Daktari maneno yale yalivyo, nikitazamia atayapuuza. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mwambie hilo ndilo swali tunalogombania kila Ijumaa," alisema. "Mwambie ni kweli, sahani haiwezi kumhukumu. Ila moshi ukionekana mlangoni, huhitaji kubishana sana kabla ya kuhamisha nyasi. Kifua kinamchoma. Aache mushereka."

Hapo ndipo nilipochemsha majani mwenyewe, bila kitu kingine, na kuyapeleka. Maji mekundu yalibaki mekundu. Seli zilibaki zimetandaza miguu. Baadaye, kwenye chumba cha ndani, Daktari aliyajaribu kwenye kirusi akiwa na nafasi, akaniletea jibu kwenye karo nikiwa na mikono ndani ya povu.

"Inafanya kitu," alisema. "Lakini ikiwa nzito sana tu. Ukiifanya nyepesi iwe kama chai, kirusi kinaendelea na shughuli zake. Mama yako angehitaji kunywa ndoo kwa ndoo, na kabla ya hapo tumbo lingemkataa. Kama kuna kitu kizuri mle ndani, itabidi tukitafute peke yake, tukisafishe, tukijue jina. Hiyo si kazi ya mwezi wala mwaka."

"Kwa hivyo dawa haipo, au haijapatikana?"

"Haijapatikana," alisema Daktari. "Na inawezekana haimo kwenye mpera kabisa."

Nilishukuru kwa sentensi zote mbili. Wengi hukupa moja tu.

Alhamisi ushirika ulikutana kwetu. Kiongozi wao, mama mrefu aliyekuwa mwalimu wa kwaya, alitangaza kwamba Jumapili mama mdogo atatoa ushuhuda wa mpera, nami nisimame kando yake niseme maabara imethibitisha. Kulikuwa na watu wengine walioenda Mombasa na kwaya, alisema, nao wanaumwa viungo. Chupa zilikuwa zimeshatafutwa. Niliziona mlangoni, zimeoshwa, zimepangwa.

"Maabara haijathibitisha," nilisema.

"Si walisema inafanya kitu?"

"Ikiwa nzito sana, kwenye sahani. Nikisimama nitasema hivyo."

"Mwanangu, watu wanahitaji tumaini."

"Wanahitaji pia kujua wanachokunywa. Kuna mwenye vidonda vya tumbo kwenye hiyo kwaya? Kuna mja mzito? Mnajua mushereka ilivyomfanya huyu?"

"Unasimama kupinga uponyaji, wewe ambaye hata darasa hukumaliza?"

Nilikuwa nimelisikia hilo neno kwa msimamizi wa stoo upande ule, sasa nalisikia upande huu. Kumbe linafanya kazi pande zote mbili. Aliyesoma hulitumia kunifukuza kwenye majani, na aliyeokoka hulitumia kunifukuza kwenye sahani. Nilimwambia yule mama kwamba sikumaliza darasa, ni kweli, na kwa hiyo sina cheti cha kulinda nikisema sijui. Nikamwambia chupa zake hazitajazwa kutoka mpera ule nikiwa hai, hata ikibidi nilale juu ya matawi.

Nilitegemea mama mdogo anikanyage mguu. Badala yake aliweka mikono yake mezani, mbele ya wote, mmoja juu ya mwingine.

"Mwacheni," alisema. "Mikono ni yangu. Nitashuhudia nini Jumapili, hivi vidole vya kuku? Nikipona tutaimba. Na tukiimba, tutamshukuru Mungu bila kumwekea maneno mdomoni." Akamgeukia kiongozi. "Hizo chupa, mama, niachie moja. Ya mafuta imevunjika."

Mmoja alicheka, wengine wakafuata, na kiongozi akaomba kufunga kwa sala ndefu ambayo sehemu yake kubwa ilinihusu.

Baada ya hapo zilikuwa wiki za maji vuguvugu. Asubuhi aliloweka, akakamua mpira wa soksi, akameza paracetamol yake. Jioni alikunywa kikombe kimoja cha majani ya mpera bila mushereka, akikunja uso wote kwa ukakasi, kwa sababu hakutaka kunipa ushindi mzima. Nilimwachia. Nilipokuwa mdogo alininywesha hayo hayo nikiharisha. Kifua kiliacha kumchoma. Vidole vilifanya vilivyotaka: siku moja vilifunga kifungo, kesho yake vikakataa kikombe. Kisha asubuhi moja nikamkuta amemega ugali wa jana mwenyewe, anakula amesimama, hataki nimwone.

"Leo nakusuka," aliniambia Jumamosi iliyofuata. "Toa kitambaa."

"Hapa?"

"Saluni. Kwani mtihani unafanyiwa nyumbani?"

Nilikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, na mwenye saluni akavuta stuli akaketi mbele yetu, mikono kifuani, akazima hata redio. Mama mdogo alianza kwenye paji. Safari hii hakutazama barabara. Niliusikia kila mvuto kwenye ngozi, na nilisikia pumzi yake inavyokwama kidole kikigoma. Mara kwa mara alisimama, akaning'iniza mikono, akaikung'uta kama mtu aliyetoka kufua. Hakuna aliyesema pole. Wateja wawili walikuja, wakaambiwa wasubiri. Jua lilihama kutoka mlangoni mpaka kwenye kioo.

Alipofika utosini aliacha kwa muda mrefu. Mwenye saluni alifungua mdomo.

"Usiseme," mama mdogo alimwambia.

"Sijasema, mama."

"Ulitaka."

Aliendelea. Alifika kisogoni wakati shingo yangu ilikuwa imekufa kabisa. Msuko wa mwisho ulipofungwa, mwenye saluni aliinuka, akanizunguka, akapitisha kidole kwenye mistari mmoja baada ya mwingine.

"Ngai," alisema. "Huu wa katikati umepinda kama mto Ruiru."

"Umefika ama haujafika?" mama mdogo aliuliza.

Mwenye saluni alitazama mwanzo wa mstari, akautazama mwisho. Kisha akachukua ufagio na kuanza kufagia nywele zilizoanguka chini ya kile kiti, kama alivyokuwa akifanya kila siku mama mdogo alipomaliza kichwa.

"Ni mpera," mama mdogo aliniambia sikioni, akichukua thermos ile ile niliyoibeba kazini, safari hii imejaa maji ya moto ya kuchovya ncha za misuko.

"Ama ni soksi. Ama ni siku zenyewe zimepita. Hujui, mama, na mimi sijui."

"Najua hujui. Inamisha kichwa, nitakuchoma."

Jumatatu msimamizi wa stoo aliutazama ule mstari wa katikati, akaniuliza ni nani aliyenifanyia hivyo, na kama nilidai usukwe upya. Nilimwambia sitaurudia, nitakaa nao mpaka nywele zenyewe ziuchoke. Nikavaa glavu. Kwenye karo kulikuwa na rundo la glasi kutoka mmea mwingine, mpya, ambao jina lake nilikuwa bado sijaliuliza.